Ndege Yenye Pangaboi Kisogoni

Baba yangu alinunua sanda yake mapema. Aliikunja vizuri, akaiweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na udi na kipande cha sabuni ambacho hakuruhusu mtu akifungue. Kifo hakikumtisha hata kidogo. Alichokiogopa ni kinu.

Kinu chenyewe kipo mpaka leo, kimeegemea ukuta wa jiko letu. Ni kinu kama vinu vingine vya huku Usambara, kizito, kimepasuka kidogo mdomoni, kinanuka mahindi hata kikikaa mwezi mzima bila kutwangiwa. Ila kinu hicho kiliwahi kuruka. Kiliruka siku ya kumzika babu, mzaa baba, kikiwa kimefungwa nyungo mbili ubavuni na mwiko nyuma, kimebebwa na watani wetu waliokuwa wananguruma kwa midomo na kuwapita waombolezaji huku na huku. Walikizungusha uwanjani, wakakitua mbele ya jeneza, wakaziba njia. "Panda, mzee," wakamwambia marehemu, "usafiri kwa ndege yako!" Watu walicheka mpaka wakajishika mbavu. Baba alikuwa kijana, ndio kwanza anaota ndevu, na alisimama pale akitamani ardhi impokee yeye badala ya baba yake.

Wakati wa ile vita ya kwanza ya Wajerumani na Waingereza, babu alichukuliwa na Wajerumani kuwa mpagazi. Walimteremsha mlimani, mtu ambaye maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona ni ya mto wa kijijini, wakamfikisha Rufiji kwenye mikoko. Humo ilikuwa imejificha manowari ya Kijerumani. Kazi ya babu na wenzake ilikuwa kukata matawi ya mikoko na kuyapandisha juu ya manowari, ili mtu akiitazama kwa mbali aone msitu tu. Waingereza waliokuwa baharini walijua kwamba imo humo, hawakujua iko wapi. Basi wakaleta ndege ya kuichungulia, na ndege hiyo, alisema babu, ilikuwa mashua.

Hakusema ilibebwa na mashua. Alisema ni mashua yenyewe, yenye tumbo la mbao, iliyofungwa mabawa, bawa moja juu ya jingine. Ilikuwa inaondoka majini na kurudi majini kama bata. Siku moja ilipita juu yao chini chini, wakajitupa kwenye matope. Siku nyingine injini ikaikorofisha, ikashuka mtoni, na babu akawa mmoja wa waliotumwa kuivuta kwa kamba. Aliigusa. Alisema tumbo lake lilikuwa laini kama bakuli la kulia. Na hapo, akiwa amesimama nayo kwenye maji ya kiunoni, aliona kwamba pangaboi lake, lile dude linalozunguka na kupiga upepo, halikuwa puani. Lilikuwa nyuma, kisogoni kwa rubani, likiisukuma.

Babu alirudi nyumbani na kikohozi ambacho hakikumwacha tena, na habari hiyo. Watu walimsikiliza kwa heshima. Alipotaka kuwaeleza bahari, alingoja asubuhi ambayo ukungu umejaa bondeni, akawapeleka ukingoni, akawaambia, "Ipo hivi, ila inalowesha." Bahari waliikubali. Manowari waliikubali. Hata mashua yenye mabawa waliimeza, maana siku zile kila kitu cha wazungu kilikuwa kipya na watu walikwisha kuchoka kushangaa. Lakini miaka ikapita, ndege zikaanza kuonekana angani, na wale walioteremka Mombo na Tanga wakaziona kwa karibu. Zote zilikuwa na pangaboi puani. Ndipo watani wetu walipopata la kusema.

Watani wetu ni ukoo ulioko ng'ambo ya bonde. Kwa nini ni watani wetu, kila mzee ana sababu yake, na hakuna hata mmoja anayekubaliana na mwenzake. Mtani anaruhusiwa kukuita mwizi mbele ya wakwe zako. Anaweza kuingia jikoni kwako, akafunua chungu, akasema chakula hiki hata mbwa atakiombea dua. Na msibani ndiko kazi yake kubwa iliko: anachimba kaburi, anabeba maji, kisha anamwigiza marehemu mbele ya watu mpaka waliofiwa wacheke wakiwa na machozi. Kwa mtani hakuna kununa. Unaruhusiwa kumjibu tu, siku ukipata jibu.

Baba hakupata jibu maisha yake yote. Alichokuwa nacho ni sauti. Mtu akitaja ndege, baba anasikilizia, na mtani akianza tu, "ile mashua ya baba yako inayosukumwa kisogoni kama mkokoteni," baba anapaza, "Kisogoni, ndiyo! Pangaboi lilikuwa kisogoni!" Tulikua na neno hilo. Ukimuuliza baba chumvi iko wapi na amekasirika, anajibu, "Kisogoni!"

Kitu ambacho hakumwambia mtu ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa na shaka. Aliniambia mimi, uzeeni, tukichambua njegere barazani. Alipokuwa kijana alisafiri mpaka Tanga, akajidai anamtembelea shangazi, kumbe amekwenda kutazama ndege. Akaiona. Akaizunguka kwa macho mbele na nyuma. Nyuma hakukuwa na kitu. Akapanda gari akarudi mlimani, na tangu siku hiyo akawa anapiga kelele zaidi kuliko mwanzo.

"Nilikuwa natetea kitu nisichokijua," alisema. Kisha akahamia Kishambaa, kama alivyofanya kila jambo lilipomgusa. Kwetu baba ni tate. Alisema, kwa maneno ambayo kwa Kiswahili yanakuwa mepesi mno, kwamba anataka ajue kabla hajamfuata tate kama tate alikuwa muongo, kwa sababu watani watakileta tena kile kinu, na safari hii kitabebwa mbele ya jeneza lake yeye, na atazikwa mtoto wa muongo.

Mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda changu karibu na soko la Lushoto, na sina subira na kitu kinachoning'inia. Uzi ukining'inia naukata, mteja akining'inia kwenye mlango namwambia aingie au atoke. Jambo hili lilikuwa limening'inia kwetu tangu kabla sijazaliwa. Na nilimpenda yule mzee. Alikuwa mbishi, alikuwa mchoyo wa sukari ya wenzake na fundi wa kumwaga ya kwake, alikataa kupasuliwa mtoto wa jicho mpaka macho yote mawili yakaingia ukungu, lakini hakuwahi kulala kabla hajasikia mlango wangu umefungwa. Nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, bado ananisikilizia mlango.

Wateja wangu hunionyesha mishono kwenye simu, nami nimejifunza kutafuta picha humo. Basi siku moja wateja walipokuwa wachache nikaanza kutafuta ndege ya babu kama ninavyotafuta mikono ya gauni. Mwanzo nililetewa ndege za abiria na mashua za watalii. Nikabadilisha maneno, nikaweka vita, nikaweka manowari, nikaweka Rufiji. Ikatokea picha nyeusi na nyeupe, imefifia. Mashua. Tumbo la mbao. Bawa juu ya bawa. Katikati ya mabawa injini, na nyuma ya injini, limeelekea mkiani, pangaboi.

Nilifunga kibanda. Mteja mmoja alikuwa ameshavua koti anataka kupimwa, nikamwambia avae aje kesho. Nilipanda mlima kuelekea nyumbani kwa miguu yangu hii yenye baridi yabisi, nikienda mbio kama msichana.

Baba aliichukua simu, akaileta karibu na pua, akaipeleka mbali, akaigeuza juu chini. Nikaikuza picha mpaka ikajaa kioo. Akanirudishia.

"Naona mwanga," alisema. "Ndege sioni."

"Baba, mimi nimeiona. Liko kisogoni."

"Wewe ni mwanangu. Watani watasema umefundishwa."

Nilikaa nikalia kwa hasira. Kitu kimepatikana, na mwenye kukitaka hawezi kukiona! Halafu nikakumbuka kwamba babu naye hakuiona tu. Aliigusa.

Seremala jirani alinichongea tumbo kutoka kipande cha mbao ya paina, urefu wa mkono, nikalipiga msasa mwenyewe mpaka likateleza. Mabawa nilitengeneza kwa vijiti vya mwanzi, nikayavisha bafta, nikayashona kwa mkono kwa mishono midogo, maana cherehani ingevunja vijiti. Mabawa ya juu na ya chini niliyaunganisha kwa nyuzi ngumu kama yalivyo kwenye picha. Pangaboi nilikata kwenye kopo la maziwa ya unga, nikalifunga kwa waya lizunguke. Kila jioni nilikuwa nafunua picha, nakagua, nafumua. Sijawahi kushona gauni la harusi kwa uangalifu ule.

Nilipoimaliza, nikampakatisha.

Alianza na bawa. Alisugua kitambaa kwa kidole gumba, akasimama.

"Hii ni bafta. Umekata sanda yangu?"

"Sijakata, baba. Sanda yako ipo sandukuni, na wala haina haraka na wewe."

Akaguna. Akashuka kwenye tumbo, akalipapasa lote, kutoka mbele mpaka nyuma, polepole. "Kama bakuli," alisema. Akapanda kwenye injini, na vidole vyake vikaenda mbele kwanza, vikatafuta, vikakosa. Vikarudi nyuma. Vikagusa bati. Akalisukuma pangaboi kidogo, nalo likazunguka, na upepo wake ukampiga kwenye kiganja.

Hakupaza sauti. "Kisogoni," alisema, kama mtu anayemjibu mwenzake aliye chumba hicho hicho. Nilimwona akicheka na machozi yakiingia kwenye ndevu, na nilifurahi kuliko nilivyopata kufurahi kwa jambo langu mwenyewe.

Siku ya soko akaja bibi mtani. Huyu ni wa rika la baba, na ndiye aliyekuwa msichana aliyefunga mwiko kwenye kile kinu siku ya kumzika babu. Tangu hapo hakumwacha baba apumue. Kila akitoka sokoni, kapu lake la ndizi kichwani na fimbo mkononi, alipita kwetu, akakaa barazani, akanywa chai yetu akiisema ni maji ya kuoshea vikombe, akamuuliza baba kama mashua imeshatua. Siku hiyo alifika kama kawaida.

"Onga mshi!" alisalimia kwa Kishambaa kutoka mlangoni.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Muongo yuko wapi?"

"Muongo yuko hapa," baba akajibu, kwa upole ulionitisha. "Kaa. Mwanangu, mpe kile kitu. Na picha."

Bibi mtani macho yake ni ya kunguru. Alitazama picha kwenye simu muda mrefu, akailinganisha na ndege yangu, akalizungusha pangaboi, akaitazama tena picha. Chai yake ilipoa. Nilitegemea aseme picha ni ya uongo, au nimeichora mwenyewe, au kwamba hata hiyo ndege ilitengenezwa na wazungu walevi. Akanirudishia simu.

"Kwa hiyo ni kweli," alisema mwishowe.

"Ni kweli," baba akasema. "Basi siku yangu ikifika, mtani, kinu msikiguse."

"Sawa, mtani. Hatutakigusa."

Akainuka akaenda zake, na kikombe hakukisema vibaya. Baba alikuwa kama bwana harusi. Alikula ugali mwingi, akaniamuru nimwite kila jirani aje kuigusa ndege.

Nilichelewa kuona tulichofanya. Bibi mtani aliendelea kupita siku za soko, lakini alikaa vizuri, miguu imekunjwa, akamuuliza baba hali ya kifua. Baba akajibu kifua hakijambo. Bibi akasema mvua zimechelewa. Baba akakubali zimechelewa. Wakanyamaza kama watu wawili wasiojuana wanaosubiri daktari. Chai yangu ikaitwa nzuri. Baada ya muda akaanza kuruka siku nyingine, goti linauma, anasema, na kweli goti lilikuwa linauma, lakini lilikuwa linauma miaka yote na halikumzuia kuja kututukana.

Baba alikaa barazani na ndege yake mapajani akisikilizia fimbo. Ikipita fimbo ya mtu mwingine, shingo yake inainuka, inashuka. Jioni moja nilikuwa namfunika blanketi miguuni, akaniuliza, "Mbona siku hizi haniiti muongo?"

"Si umemshinda, baba?"

Alilizungusha pangaboi kwa kidole. "Nimemshinda," alisema. Hakuonekana kulifurahia. Nikamwambia nitamwita aje, akakataa, akasema mtu haombi kutukanwa. Ubishi wake huo.

Alifariki wakati wa baridi, asubuhi, baada ya kuniuliza kama nimeingiza kuni. Sitaandika mengi hapo. Nilimfungulia sabuni yake.

Watani walikuja mapema, wote, na kanzu zao zimepigwa pasi. Walichimba kaburi vizuri, wakachota maji, wakasimama mstari mmoja pembeni na mikono imefumbatwa. Hakuna aliyevaa kofia ya baba. Hakuna aliyelala njiani jeneza lisipite. Wanaume walilibeba jeneza wakaondoka nalo kuelekea makaburini, njia nyeupe, hakuna wa kuwazuia, na mimi nikiwa mlangoni na wanawake nikaona anaondoka kama mgeni aliyekuja kwetu kwa bahati mbaya. Ombi lake lilikuwa limetimizwa lote. Nilichukia kila hatua yao.

Siku ya kuanua matanga, bibi mtani alikuwa ameketi kwenye mkeka uwanjani, sahani ya pilau mbele yake, anakula kwa adabu na kumshukuru kila anayempitishia maji. Hapo uzi wangu ukakatika. Mfiwa haruhusiwi kuanzisha utani. Hiyo ni kazi ya mtani na ukiifanya mwenyewe unaonekana umerukwa na akili. Lakini hakuna aliyesema mfiwa asihamishe vyombo vya nyumba yake. Niliingia jikoni, nikakibingirisha kinu mpaka uwanjani, nikakisimamisha mbele ya mkeka wake. Nikarudi nikaleta nyungo mbili. Nikaleta mwiko. Shangazi yangu akanishika kanga, nikajitoa.

Bibi mtani alivitazama vile vitu, akanitazama mimi.

"Alinikataza," alisema kwa sauti ndogo.

"Alikuwa anakuulizia kila siku ya soko."

Akaisukuma sahani. Akajifuta mikono kwenye kanga, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Kamba iko wapi?" alisema. "Mnaniletea ndege haina kamba, ukoo gani huu!"

Wanawe na wajukuu zake walikuwa wameshasimama. Nyungo zikafungwa ubavuni. Mwiko aliufunga mwenyewe, na ilimchukua muda, na hakuufunga nyuma. Aliufunga mbele, mdomoni mwa kinu. Wakakibeba. Akashika fimbo akawa rubani, na lile goti lake bovu, akanguruma, wakaanza kuzunguka uwanja kati ya masufuria na wageni.

"Tazameni!" alipiga kelele. "Ndege ya ukoo wa waongo! Leo imetengenezwa na watu wenye akili, pangaboi liko puani!"

Nilihisi hasira inanipanda kutoka miguuni, hasira ya baba kabisa, kama nimeivaa. "Kisogoni!" nikapaza. "Pangaboi liko kisogoni!"

"Wapi?" Aliweka mkono sikioni.

"Kisogoni!" Sasa na shangazi. Na wadogo zangu. Na majirani walioigusa ile ndege barazani, na wanaume waliokuwa nyuma ya nyumba, na wapishi na miko yao juu, uwanja mzima, wengine wanacheka na wengine wanalia na wengi hawajui wanafanya lipi. "Kisogoni! Kisogoni!"

Alizunguka nacho mara nyingine akiuliza wapi, nasi tukimjibu. Kisha akawaelekeza wakitue mbele ya mlango wa chumba cha baba. Akasimama hapo anahema, ameegemea fimbo, akausogeza uso wake karibu na pazia.

"Umesikia, muongo?" alisema.

Kisha akakaa chini pale pale mlangoni, akalia.